Mtega Kunguru Aozesha Binti Yake

Watu husema kunguru hafugiki. Mtega kunguru wa manispaa alikuwa anafuga mmoja, tena kwa mshahara, na ukimtajia msemo huo atakujibu kwa uso mkavu kwamba kufuga si tatizo, tatizo ni kumfurahisha. Kunguru wa kwenye mtego lazima awe na furaha. Anywe maji safi, apate kivuli, ale utumbo mzuri kuliko ule wanaokula paka wa mtaani, na manyoya yake yang'ae. Wenzake wakipita juu wakamwona amejikunyata kwa njaa, hawashuki. Nani atashuka kwenye nyumba ya shida? Lakini wakimwona amenona na kutulia, wanajisemea kumbe hapa pana neema, na hapo ndipo wanapoingia.

Mtego wenyewe ulikuwa chumba cha waya nyuma ya machinjio, mrefu kuliko mtu. Dari lake lilibonyea katikati, na kwenye ule mbonyeo ililazwa ngazi ya mbao. Kunguru akikunja mabawa anapita katikati ya vipago vya ngazi, anadondoka mpaka kwenye nyama. Akitaka kutoka lazima akunjue mabawa ili aruke, na mabawa yaliyokunjuliwa hayapiti. Basi, elimu yote ya mtego ni hiyo. Yule wa ndani, aliyenona, aliitwa Mwenyeji, na kila Mwenyeji alipozeeka na kufa mwingine alirithi jina, maji na kivuli. Waliobaki mtega kunguru aliwashughulikia haraka, kwa mikono, na sehemu hiyo hakuwahi kumsimulia mtu wakati wa chakula.

Usije ukadhani alikuwa anawatega kunguru wote. Wapo wa hapa hapa kwetu, wenye fulana nyeupe kifuani, hao aliwafungulia mlango na kuwaomba radhi. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nao walikuwa wanawasema hao. Hawa wengine wahenga hawakuwaona. Hawa wana shingo la kijivu, walikuja na meli zamani, na wengine wanasema waliletwa makusudi na bwana mmoja mwenye cheo ili wale takataka za mji. Bwana huyo amekwisha kufa, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu. Takataka hawakuzimaliza, zipo mpaka leo, nenda kaangalie. Walichomaliza ni mayai. Walimaliza mayai ya pugi, ya mnana, ya shore, wakaingia kwenye vifaranga, wakaja kwenye mijusi na vyura, na mti uliokuwa na kelele za viota kama shule ya chekechea ukawa na viota viwili vya vijiti na waya za umeme, na ndani yake wao wenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Kwa mgeni huyu mwenyeji hakupona.

Kazi hii hakuzaliwa nayo. Alikuwa anaendesha gari la taka. Mke wake, aliyekuwa mzima wakati huo, alikuwa na ua wa maua mekundu chini ya dirisha la jikoni, na kwenye ua huo chozi walijenga kila mwaka. Chozi ni ndege asiyezidi kidole gumba, mdomo wake umepinda kama sindano ya magunia, na kiota chake huning'inia kama kifuko kilichosahauliwa. Mama yule alikuwa anaosha vyombo huku anawapa majirani habari za vifaranga, nani kafumbua macho, nani mchokozi, kana kwamba ni watoto wa shemeji yake. Asubuhi moja kunguru mmoja wa shingo la kijivu akaja, akakaa kwenye ua, akakipasua kile kiota taratibu, mtu anavyofungua kifurushi, akala kifaranga mmoja baada ya mwingine wakati mama anapiga dirisha kwa mwiko na kulia. Haikupita muda manispaa ikauliza nani atasimamia mtego mpya. Madereva wote wakaangalia viatu vyao. Yeye akanyoosha mkono. Tangu hapo aliwachukia kunguru kwa utaratibu, siku za kazi, saa za kazi.

Kitu ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba kunguru wana kumbukumbu. Unayemkamata hana shida, huyo mambo yake yamekwisha. Shida ni yule aliyekaa juu ya ukuta wa machinjio akatazama. Huyo anaondoka na uso wako, anakwenda kuwaonyesha wanawe, na wanawe wanawaonyesha wao. Mwaka wa kwanza walimpigia kelele akiwa kazini, akaona ni haki yao. Mwaka wa pili wakaanza kumfuata sokoni. Baadaye hakuna mahali penye anga ambapo angeweza kusimama bila mmoja kutua kwenye waya, kumkodolea macho, kutamka neno moja, na dunia nzima ikaja. Walimshambulia kisogo. Walimnyea, nasema mambo yalivyo. Wauza mboga walikuwa wanamwomba kwa heshima, mzee wetu, tafadhali, kanunue kwa yule wa kule.

Alijaribu kofia. Alijaribu miwani ya jua, akanyoa masharubu, akawa mtu mwingine kabisa kwa kila mtu isipokuwa kunguru. Mwisho akaazima barakoa ya chuma kwa jirani yake, fundi wa kuchomelea, akafanya nayo kazi mwezi mzima kwa amani. Alipoirudisha kunguru wakahamia kwa fundi. Fundi yule alifunga karakana, akahama mtaa, na salamu zake kwa mtega kunguru tangu hapo hazirudiwi mbele ya watu wazima.

Hayo yote unaweza kuyacheka, naye mwenyewe aliyacheka. Lakini mke wake alipofariki, mazishi hayakuwa na paa. Walipofika makaburini kunguru walikuwa wamewatangulia, na alipoweka mguu chini tu wakashuka, wakapiga kelele mpaka dua haikusikika. Dada yake, ambaye kwa binti ni shangazi, akamrudisha garini kwa upole, akafunga kioo. Mume akamzika mkewe kutoka kiti cha mbele cha gari la kukodi. Binti yake, msichana wa shule wakati huo, alisimama kaburini ameshika mkono wa shangazi, akawa anageuka kuangalia gari. Mtega kunguru hakuwahi kulizungumza jambo hilo. Kesho yake alikwenda kazini, akambadilishia Mwenyeji maji.

Sasa binti huyo akakua, akapata kazi kwenye duka la miwani, akapata na mchumba, kijana mpole anayefundisha hesabu. Mama wa kijana alikuwa mjane mwenye nyumba kubwa na bustani ya kujivunia, na alitaka mwanawe aolewe, samahani, aoe, kwenye bustani ile. Nasema hivyo kwa sababu kwa jinsi mama yule alivyopanga kila kitu, kijana ndiye aliyeolewa. Msajili wa ndoa ataletwa, meza itawekwa chini ya miti, baba atamtoa binti mlangoni mwa nyumba amtembeze kwenye nyasi mpaka mezani. Hema hakulitaka, litaua nyasi.

Mtega kunguru alikwenda kujitambulisha kwa wakwe na teksi iliyomshusha mlangoni kabisa. Akapewa chai. Mama wa kijana, kwa kutaka kumfurahisha mgeni ambaye aliambiwa anashughulika na ndege, akamweleza kwamba yeye naye anawapenda mno, kila asubuhi anawamwagia mkate na mabaki ya wali, na wanakuja wengi, wakubwa, weusi, hata jina lake nusura walijue. Mtega kunguru akatazama dirishani. Miti ilikuwa imejaa viota vya vijiti. Kwenye mmea wa maua uliopanda ukutani palikuwa na kifuko cha mnana kilichochanwa, kinapepea. Alikuwa na mengi ya kusema. Akasema chai ni nzuri.

Alipotoka wakamwona. Mama wa kijana alisimama barazani anashangaa, akasema maskini, leo wamepatwa na nini, huwa hawana fujo hata kidogo.

Jumapili iliyofuata binti akaja nyumbani kwa baba yake, akapika, akafagia mahali palipokwisha fagiliwa, akapanga sahani zilizokwisha pangwa. Baba akajua kuna neno. Akamngoja. Hatimaye binti akakaa, akasema akiitazama meza.

"Baba, siku ile, ukikaa jikoni mpaka tumalize kule nje, itakuwaje? Halafu tukiingia ndani utakuwa nasi. Chakula ni ndani."

"Sawa mwanangu," akasema.

"Si kwamba sitaki."

"Najua. Sawa."

Akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia asalimie. Kisha akarudi, akakaa kwenye kiti kilekile, na aliumia. Siwezi kukupambia. Aliumia kama mtu aliyekanyagwa na mtoto wake mwenyewe, ambaye hata hawezi kupiga kelele kwa kuwa mtoto hakukusudia. Asingeweza kusema harusi ihamishwe, maana harusi haihamishwi kwa ajili ya kunguru, na asingeweza kusema binti amekosea, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa sahihi. Kesho yake akapeleka suti kwa dobi.

Likabaki swali la nani atamtembeza bibi harusi. Hapo ndipo shangazi alipotoa wazo, na kwa kuwa familia nzima ililipigia makofi, kosa lake ni la wote. Mtega kunguru alikuwa na mdogo wake, fundi wa saa katika mji mwingine, mtu mtaratibu aliyeshinda ndani ameinamia vidude vidogo. Wawili hao walifanana kama shilingi kwa ya pili. Shangazi akasema basi baba mdogo amtembeze, kwenye picha atakuwa baba, wajukuu hawatajua. Akaeleza kwamba masharubu yake yanyolewe kidogo hapa na hapa. Bibi harusi akakubali. Mtega kunguru mwenyewe, bingwa wa kunguru, mtu aliyemhamisha fundi wa kuchomelea mtaa mzima, akaitazama sura ya mdogo wake iliyonyolewa ikawa yake, akasema inapendeza. Huzuni huziba akili, sina maelezo mengine. Watu wote walifikiria macho ya wageni na macho ya kamera.

Siku ikafika. Mtega kunguru aliingizwa kwa mlango wa nyuma, ndani ya gari lenye vioo vyeusi, akiwa amevaa suti yake na kofia. Wapishi wakamkalisha juu ya kreti la soda, wakaona hatulii, wakampa kazi ya kufuta glasi. Dirisha la jikoni lilikuwa na waya wa mbu, kwa hiyo aliitazama bustani kupitia waya. Aliona viti vyenye riboni, msajili na kitabu chake, bwana harusi anajifuta mikono kwenye suruali. Akaona mlango wa mbele unafunguliwa, muziki ukaanza, binti yake akatoka.

Alikuwa amefanana na mama yake. Mtega kunguru akaweka glasi chini.

Pembeni ya binti alitembea yeye mwenyewe, yaani mdogo wake, ametabasamu, ametoa kifua mbele. Hatua chache tu kwenye nyasi, kunguru mmoja akatua juu ya tangi la maji. Akainamisha kichwa, akaangalia kwa jicho moja, akageuza, akaangalia kwa la pili. Akasema neno. Mtega kunguru aliijua sauti ile. Kunguru wana sauti ya chakula, wana sauti ya mwewe, na wana sauti yake yeye.

Bustani ikawa giza. Walitoka kwenye kila mti, kwenye mapaa ya jirani, kwenye nguzo za umeme, wakamshukia fundi wa saa, ambaye hajawahi kumkosea kunguru tangu azaliwe. Kofi la kwanza la bawa lilimvua miwani. Akapiga magoti, akafunika kichwa, akawa anauliza ni nini, ni nini, kama mtu anayetaka kueleweshwa. Wageni wakaingia chini ya viti. Mama wa bwana harusi alisimama katikati anawapigia kunguru makofi, anawaita kwa sauti ile ya kuwapa mkate, nao wakaja, wakamchukulia kofia. Bibi harusi alijaribu kumkinga baba mdogo kwa mikono yake, na gauni lile jeupe, nalisema kwa kifupi, halikuwa jeupe tena.

Mtega kunguru alifungua mlango wa jikoni, akatoka. Mpishi mmoja alimshika koti, naye akalitoa taratibu mkononi mwa mpishi. Alikwenda mpaka mahali palipo wazi, akavua kofia, akainua uso ili waone vizuri.

Kwa muda mfupi kunguru walichanganyikiwa, maana walimwona mara mbili. Kisha yule wa juu ya tangi akakata shauri, na wote wakamwacha fundi wa saa, wakamjia mwenyewe. Hakukimbia. Ukikimbia wanajua wameshinda. Akatembea kwa mwendo wake wa kila siku kando ya viti, mikono nyuma, kunguru wanamlima kisogo, akampita mama wa bwana harusi, akamwambia samahani kwa usumbufu, endeleeni, akaelekea getini na kundi zima juu yake. Bustani nyuma yake ikaanza kupata mwanga. Alikusudia kwenda nao hivyo hivyo mpaka machinjio, ni mwendo kidogo, lakini wangemfuata, na ndoa ingefungwa.

Askari wa getini alikuwa ameshafungua geti, mtega kunguru aliposikia miguu inakuja mbio nyuma yake. Akageuka. Binti yake alikuwa ameshika viatu mkononi.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Nawapeleka kwao. Rudi, watu wanakungoja."

"Kwa mama hukuwepo," binti akasema. Kunguru mmoja akapiga shela lake, hakugeuka. "Kwangu utakuwepo. Nilikosea kukwambia ukae jikoni. Nilijua nimekosea nilipokuwa nalisema, nikalisema."

"Gauni lako litaharibika."

"Gauni?" Akalitazama. "Baba, angalia gauni."

Akamshika kiwiko. Mtega kunguru alitaka kumweleza kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi, badala yake akavua koti. Alijaribu kumfunika kwa koti, binti akalikataa, wakawa wanavutana koti pale getini chini ya kunguru wa mji mzima mpaka askari, mtu wa vitendo, akafungua mlango wa kibanda chake cha bati na kusema mnaonaje mkaingia.

Kibanda kilikuwa na kigoda, chupa ya chai na nafasi ya mtu mmoja asiye na tumbo. Wakaingia wote wawili. Bwana harusi akafika mbio, akaingia kwa ubavu. Nyuma yake akaja msajili, kitabu amekificha ndani ya koti, analalamika kwamba ana ndoa nyingine mchana na hii ama ifungwe ama iahirishwe. Wakabanana naye ndani. Mama wa bwana harusi alibaki mlangoni na mwavuli, nusu ya mwili wake nje, analia na kuwatukana kunguru kwa majina ambayo hakuna aliyejua anayajua. Fundi wa saa alisimama nyuma yake, ameinama chini ya mwavuli huo huo, bila miwani, akiuliza kama sasa ni salama.

Msajili alisoma kwa kupiga kelele, maana kunguru walikuwa wametua juu ya bati wanalipiga kwa midomo kama wanaezeka upya. Akauliza majina, akajibiwa kwa kelele. Akauliza hiari, akapata hiari mbili kwa kelele. Akauliza baba wa bibi harusi ni yupi kati ya hawa wawili, akaonyeshwa. Kisha akauliza, kama sheria inavyomtaka, iwapo kuna yeyote mwenye pingamizi juu ya ndoa hii. Juu ya bati wakajibu wote kwa pamoja, kwa muda mrefu. Msajili akangoja wamalize. Hawakumaliza. Akasema hao hawakualikwa, akafungua ukurasa, akaendelea. Mtega kunguru alikuwa analia wakati huo, amesimama wima, mkono wa binti yake umeshika kiwiko chake, na kwa kuwa kibanda kilikuwa kidogo, kila mtu alimwona.